Mama mkwe anasema nimekiunguza kizazi kwa dawa za saluni

Assalaam alaykum Somo,

Nakuandikia kutoka Chake Chake. Saluni nimeshafunga, wateja wameondoka, na mtoto wa dada yangu amepitiwa na usingizi kwenye kiti cha kuoshea nywele. Nina umri wa miaka 32 na huu ni mwaka wa sita nimeolewa. Kazi yangu ni ususi na kupamba mabiharusi. Niliianza kabla sijaolewa, sasa mwaka wa tisa. Natia watu dawa za nywele, nanyoosha kwa keratini, napaka rangi, natia hina na piko. Msimu wa harusi na mkesha wa Idi sikai kitako.

Somo, mimba mbili zimenitoka. Ya kwanza ilikuwa na miezi mitatu, ya pili haikutimia hata miwili. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, sijashika tena. Nilipopigwa ultrasaundi nikaambiwa nina uvimbe kwenye kizazi, mmoja, kiasi cha ndimu. Daktari kasema ni fibroidi, si saratani, na tutauangalia. Lakini nilirudi nyumbani na neno moja tu masikioni: uvimbe.

Mwezi uliopita nikatumiwa sauti kwenye simu. Mwanamke nisiyemjua anasema Marekani wamegundua kuwa dawa za nywele zina kemikali zinazovuruga homoni, na kila anayetia atapata saratani ya kizazi. Wifi yangu akaisikiliza, akaenda kumsikilizisha mama yake. Tangu siku hiyo mama mkwe ananiambia mbele za watu: "Kizazi umekiunguza mwenyewe. Mwanangu asikose watoto kwa ajili ya nywele za watu." Anamtaka mume wangu aoe mke wa pili.

Mume wangu hasemi kitu. Nilimwomba twende spitali pamoja, kasema yeye mzima, hana anachoumwa. Na kweli ni mtu wa nguvu. Analima nyanya na matango bondeni, kila wiki anabeba bomba mgongoni kupiga dawa. Jioni anarudi hoi, nguo zinanuka dawa hata sabuni haifui, namfulia, anakula, analala.

Jengine ni huyu mtoto wa dada. Ana miaka 11. Mama yake yuko Oman kikazi, mimi ndiye mlezi wake. Akitoka skuli na chuoni hukaa nami saluni mpaka usiku, hunishikia vitana, huwaosha wateja dawa. Juzi juzi amevunja ungo. Mimi nilivunja ungo nina miaka 14. Majirani wanasema dawa za saluni ndizo zilizomkomaza.

Nifunge saluni? Ndiyo inayonilisha mimi, mtoto na mama yangu. Ni kweli nimejifanyia mwenyewe? Na huyu mtoto nimemuharibu?

Msusi wa Chake

*

Alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye maneno uliyoyapita mbio: nguo zinanuka dawa hata sabuni haifui. Ukoo mzima unanusa saluni yako, na hakuna hata mmoja aliyenusa shati linalotoka bondeni. Nitakufikisha huko. Kwanza nikujibu lile linalokukosesha usingizi.

Kizazi chako hukukiunguza. Dawa ya nywele inaweza kuunguza ngozi ya kichwa, wewe unalijua hilo kuliko mimi, lakini haiteremki mwilini ikaunguza tumbo. Mimba changa zinazotoka, karibu nusu yake hutoka kwa sababu yai na mbegu zilipokutana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi wa mtoto, hazikukaa sawa. Hilo huamuliwa saa ya kwanza kabisa, kabla hata mwanamke hajajua kuwa ameshika. Hakuna alilobeba, alilokula wala alilofanya lililolisababisha. Na wanawake wengi waliopoteza mimba mbili hushika tena na kuzaa.

Fibroidi nayo isikutishe kwa jina. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake kwa ultrasaundi, wakakuta kwamba katika kila wanawake weusi 10, zaidi ya 8 wanakuwa nayo wanapofikia miaka 50, wengi wao bila kujua. Kinachohitaji kuulizwa ni mahali ilipokaa. Iliyochomoza ndani, pale mtoto anapojishikiza, inaweza kuisumbua mimba. Iliyokaa ukuta wa nje mara nyingi haina habari nawe. Ukirudi kwa daktari muulize neno hilo hilo: umekaa wapi? Usikubali kuondoka bila jibu.

Sasa hiyo sauti uliyotumiwa. Aliyeisema hakuzua yote. Upo utafiti Marekani unaoitwa Sister Study, wa wanawake ambao dada zao waliugua saratani ya matiti. Mwaka 2022 watafiti wake walitangaza matokeo kutoka kwa wanawake 33,947, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Katika hao, 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Waliotia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya wale wasiotia kabisa. Ukiipiga hesabu kwa watu inakuwa hivi: chukua wanawake 1,000 wasiotia, 16 wangepata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70. Chukua 1,000 wanaotia mara kwa mara, wangepata 40. Kwa hiyo hatari imepanda, na mimi siipuuzi. Lakini 960 katika elfu hawapati, na yule mwanamke kwenye simu amewaambia watu "kila anayetia". Hapo ndipo habari ya kweli ilipogeuka kitisho. Utafiti wenyewe unasema umeona mambo mawili yakiandamana, haujasema la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Na rangi za nywele, katika utafiti huo, hazikuonekana kuandamana na saratani hiyo.

Amechanganya jengine pia. Saratani ya mji wa mimba na saratani ya shingo ya kizazi ni maradhi mawili. Inayowamaliza wanawake wetu zaidi ni ya shingo ya kizazi, nayo inaletwa na kirusi, HPV. Haina uhusiano na kitana wala kopo la dawa. Mwanamke akisikia "saratani ya kizazi" akaacha kutia dawa nywele, kisha asiende kupima shingo ya kizazi, atakuwa amekwepa tawi akaangukiwa na mti.

Kuhusu fibroidi, mwaka 2012 watafiti wa Boston waliowafuatilia wanawake weusi wapatao 23,000 waliona kuwa waliowahi kutia dawa nywele walipata fibroidi zaidi kidogo, kwa kiasi cha asilimia 17. Ni kidogo, lakini sikufichi, maana unashika dawa hizo kila siku, na mwenye kushika kila siku ana haki ya kujua.

Ngoja nikueleze homoni inavurugwa vipi, kwa sababu ukilielewa hili mengine utayapanga mwenyewe. Homoni ni wito. Inatoka kwenye tezi, inapita kwenye damu, na kila kiungo kinachousubiri wito ule kinaitika: yai lipevuke, titi liote, mji wa mimba ujitandike. Kiasi chake ni kidogo mno. Sasa fikiria Ramadhani, mtu ashike kipaza sauti cha msikiti aadhini magharibi saa kumi na moja, jua bado linawaka. Hakupaza sauti kuliko siku zote. Lakini mtaa mzima umeshafungua, na saumu imeharibika. Kemikali zinazovuruga homoni ndivyo zinavyofanya: zinaigiza wito, au zinauziba, wakati usio wake. Ndiyo maana wataalamu hawaishii kuuliza "kiasi gani". Wanauliza na "lini".

Hilo la "lini" tulifundishwa na wasichana wanane. Mwaka 1938 huko London ilitengenezwa dawa inayoigiza homoni ya kike, ikiitwa DES. Kuanzia miaka ya 1940 madaktari wa Marekani wakawapa wajawazito ili mimba zisitoke. Walikuwa wanawake kama wewe, mwanangu, waliokwisha kuzika matumaini mara moja au mbili, wakapewa kidonge wakashukuru. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ulionyesha kuwa dawa ile haizuii mimba kutoka. Wakaendelea kuitoa. Kisha Boston wakaanza kufika wasichana wa miaka 15 hadi 22 wakiwa na saratani ya uke ya aina ambayo umri ule haikuwa ikionekana. Madaktari hawakujua waanzie wapi. Mama wa mmoja wa wasichana wale ndiye aliyeuliza: je, haiwezi kuwa ile dawa niliyokunywa nikiwa na mimba yake? Daktari Arthur Herbst na wenzake wakaifuatilia. Katika mama wanane, saba walikuwa wamekunywa DES. Katika mama wengine 32 waliolinganishwa nao, hakuna hata mmoja. Habari ikachapishwa Aprili 1971, na mwisho wa mwaka ule ule serikali ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwape tena wajawazito. Walioguswa hawakuwa tu wale wenye saratani. Mabinti wengi wa DES walipokua walipata tabu ya kushika mimba na ya kuzihifadhi.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu mbili. Moja, hakuna kati ya mama wale aliyemdhuru mwanawe. Alidanganywa na kidonge. Pili, swali la mama lilifungua mlango ambao wasomi hawakuuona. Swali lako nalo ni la aina hiyo, liheshimu.

Na kinatufikisha kwa mtoto. Kuna nyakati mbili wito wa homoni unasikilizwa kuliko nyakati zote: akiwa tumboni, na anapovunja ungo. California zipo sampuli za damu za wanawake zilizohifadhiwa tangu 1959 hadi 1967. Mtafiti Barbara Cohn alizifungua miaka mingi baadaye akatafuta ndani yake DDT, dawa ya kuua wadudu. Mwaka 2007 akaeleza kuwa wanawake waliokuwa na DDT nyingi, na walioanza kukutana nayo kabla ya miaka 14, walipata saratani ya matiti kabla ya miaka 50 mara tano zaidi ya wenye kiasi kidogo. Walioifikia wakiwa watu wazima hawakuonekana hivyo. (Bibi zetu wanaikumbuka DDT ikipigwa majumbani Unguja na Pemba miaka ya 1960 dhidi ya malaria. Msije mkakataa vyandarua kwa sababu yangu. Malaria ya mjamzito inaua mimba kwa hakika, hilo halina mjadala.)

Binti yako hukumuharibu. Kuvunja ungo na miaka 11 si maradhi. Ingekuwa chini ya miaka 9 ningekwambia umpeleke kwa daktari kesho asubuhi. Watoto wa siku hizi wanakomaa mapema kuliko sisi, na sababu ya kwanza inayojulikana ni kwamba wanakula vizuri na miili inajaa haraka. Kwamba kemikali nazo zina mkono, watafiti wanaliangalia kwa makini. Copenhagen, Denmark, waliwalinganisha wasichana wa 1991 na wa 2006, wakakuta matiti yanaanza kuota karibu mwaka mzima mapema. Kwa hiyo majirani wanyamaze, lakini wewe usimrudishe kwenye dawa. Mtoto wa miaka 11 asioshe kichwa chenye dawa, asikae ndani ya moshi wa keratini, na nywele zake mwenyewe zisitiwe dawa mpaka awe mtu mzima akachagua. Akitoka chuoni na akae uani, asuke vikuba vya asumini na mrehani, mabiharusi wanavinunua. Na mpeleke akachanjwe HPV ikiwa skuli haijamchanja. Nchini inatolewa tangu 2018, na wasichana wa miaka 9 hadi 14 ndio walengwa. Hiyo ndiyo zawadi kubwa utakayompa mwaka huu. Mkalishe pia umweleze hedhi kwa upole, maana mama yake yuko mbali na yeye anasikia majirani wanavyosema.

Sasa shati la bondeni.

Mwaka 1977, kwenye mji wa Lathrop, California, kulikuwa na kiwanda kinachotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni, DBCP. Wafanyakazi wa kiume wakaanza kuambizana kwamba mbona sisi hatuzai? Vijana wenye nguvu, hawaumwi hata kichwa. Walipopimwa, wengi wao mbegu zilikuwa chache mno, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Hakuna dalili iliyowaambia mapema. Hakuna maumivu. Ilichukua mpaka 1979 Marekani kuizuia karibu kote, na wakati huo wakulima wa ndizi wa Costa Rica walikuwa wakiendelea kuishika kwa mikono, maelfu wakabaki bila uwezo wa kuzaa. Sisemi mumeo anapiga DBCP. Ninasema hoja yake ya "mimi mzima, siumwi" ndiyo waliyokuwa nayo wale wanaume.

Dawa za wadudu za siku hizi nazo zimeangaliwa. Mwaka 2023 watafiti walikusanya tafiti 20 za wanaume watu wazima, zaidi ya 1,700, waliokutana na makundi mawili ya dawa hizo yanayotumika sana mashambani, oganofosfeti na kabameti. Wenye kukutana nazo zaidi walikuwa na mbegu chache zaidi. Na kwa jumla, katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu yake upande wa mwanamume una sehemu, peke yake au pamoja na mke. Nusu, mwanangu. Basi vipi miaka mitatu kitanda cha kupimiwa kimekuwa chako peke yako?

Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote ulivyopita wewe. Hachomwi sindano, hapigwi picha, anatoa mbegu kwenye kikopo safi na jibu linasomwa kwa darubini. Mwambie faraghani, siku amekula ameshiba, si siku mama yake yupo. Usimwambie "labda tatizo ni wewe". Mwambie: "Daktari anataka tuwe wawili, nami naona tabu kwenda peke yangu." Akienda na mbegu zikaonekana chache, si mwisho wa habari. Mbegu mpya huchukua kiasi cha miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo akijikinga na dawa miezi mitatu, apimwe tena.

Kujikinga kwenyewe: apige dawa alfajiri upepo umetulia, upepo ukija umkute kwa mgongo. Shati la mikono mirefu, suruali, viatu vya mpira, glavu, kitambaa au barakoa puani. Asizibue pua ya bomba kwa mdomo, nimeshawaona wanaofanya hivyo kwa macho yangu. Bomba lisioshwe kisimani. Dumu la dawa likiisha litobolewe, lisije nyumbani kutiwa maji wala mafuta ya nazi. Avue nguo kabla ya kuingia ndani, aoge kabla ya kula na kabla ya kukushika. Nguo zile zisichanganywe na zako wala za mtoto, ziwe na ndoo yake, na anayezifua avae glavu. Na siku ukishika mimba, inshallah, usiziguse kabisa. Atazifua yeye.

Umeniuliza kama ufunge saluni. Hapana. Lakini saluni hiyo nataka uibadilishe, na nina wazo kwa sababu najua saluni zetu zilivyo. Mlango umefungwa kwa stara, pazia zito, dirisha limebandikwa karatasi ili mpita njia asione nywele za watu. Ndani kuna udi, kuna dawa, kuna draya, na feni inazungusha hewa ile ile. Mkesha wa Idi vichwa ishirini, na wewe umesimama katikati tangu asubuhi. Mteja anavuta hewa ile saa moja, wewe saa kumi na mbili. Wazee wetu walilimaliza tatizo la stara na upepo zamani: uani. Kila nyumba ina ua wa nyuma, ukuta au makuti pande zote, juu wazi. Kazi ya dawa yote ihamie huko, chini ya kibanda cha makuti. Hutoonekana, na harufu itakwenda zake. Kama nyumba ni ya kupanga na uani huna, toboa matundu juu karibu na dari, pande mbili zinazotazamana, ambako hakuna mtu atakayechungulia, na uweke feni inayotoa hewa nje.

Keratini iache. Nakwambia wazi, hii si ya kupunguza, ni ya kuacha. Ule moshi unaowasha macho pasi inapopita, mara nyingi ni formaldehaidi, ndugu wa ile formalini ya kuhifadhia maiti, nayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, limeshaihukumu kuwa inaleta saratani kwa binadamu. Makopo mengi hayaiandiki. Macho yako yanakwambia kisichoandikwa.

Dawa ya kawaida, usimtie mwenye vidonda kichwani wala aliyetoka kujikuna, maana ngozi iliyochubuka inapitisha zaidi. Mjamzito mwambie asubiri ajifungue. Mteja anayetia kila wiki sita mvutie afike miezi minne, katikati umsuke. Glavu kila kichwa. Kopo lisilo na maandishi, au lililohamishwa kutoka kopo jengine, usilinunue hata likiwa nusu bei.

Hukutaja mkorogo, na mimi siamini kuwa mpambaji wa mabiharusi hajaombwa. Kama unauchanganya, mwaga leo. Krimu hizo mara nyingi zina zebaki, nayo inaharibu figo za mama na kuvuka kumfikia mtoto tumboni. Nchi hii imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Biharusi anayetaka kung'ara mfanyie singo na liwa, hina ya majani badala ya piko inayowachoma watu mikono, umfukize udi nje ya chumba cha kazi. Hayo ndiyo waliyotufundisha masomo wetu, na bei yake si ndogo.

Ya plastiki nitaigusa tu. Urojo wa moto usitiwe kwenye mfuko wa nailoni, wala chai. Moto unakamua vitu kutoka kwenye plastiki, kama bisfenoli, ambayo Ulaya iliizuia kwenye chupa za watoto tangu 2011. Nenda na bakuli lako la udongo au la bati kwa muuza urojo. Inatosha.

Spitali, basi. Nendeni Abdalla Mzee, Mkoani, au Mnazi Mmoja mkivuka Unguja. Wewe uliza mahali fibroidi ilipokaa, upimwe tezi ya shingo, sukari, kaswende na wingi wa damu, na mweleze daktari kuwa mimba mbili zimetoka na kazi unayofanya ni hii. Litaje neno dawa za nywele, asipouliza. Siku hiyo hiyo upimwe shingo ya kizazi, wanapaka siki na kuangalia, ni dakika chache. Anza vidonge vya foliki kabla hujashika. Yeye mbegu.

Mama mkwe wako usimjibu mbele ya watu. Mchukulie kahawa na kashata siku ya Ijumaa baada ya sala, mkae wawili, umsomee hapa nilipoeleza kiwanda cha Lathrop na umwambie mwanawe anabeba bomba kila wiki bila kitambaa puani. Mama huogopa kwa ajili ya mwanawe kabla ya kumlaumu mkwe, na mimi nadhani akiliona hilo atakuwa wa kwanza kumsukuma aende kupimwa. Habari ya mke wa pili mwambie isubiri majibu mawili, lako na lake. Mke wa pili naye atalala na shati lile lile.

Majibu yakitoka niandikie. Nitakaa nayo, tuyasome pamoja.

Somo